Kuchagua diski ya kompyuta ya nyumbani: anza na sloti, si na kasi

Wanaoniuliza kuhusu diski karibu wote huanzia hapo hapo: "Ipi ina kasi kuliko zote?" Swali si baya, ila limewahi mno. Nimeshanunua SSD (diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka) ya NVMe, njia ya kasi ya kupitishia data, yenye namba za kutisha kwenye boksi, nikafungua laptopu, nikaichomeka kwenye sloti (tundu jembamba la kuchomekea) ya M.2, ikaingia vizuri kabisa, na kompyuta haikuiona. Nikaichomoa, nikapuliza vumbi, nikairudisha. Wapi! Sloti ilikuwa ya M.2 kweli, lakini iliunganishwa kwa njia ya SATA tu, ile ya zamani na ya polepole zaidi. Tangu siku hiyo naanza na mashine, dukani nakwenda baadaye.

Hatua ya 1: Jua kilichomo na kinachoweza kuingia

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wenye grafu, kisha bofya diski pembeni. Windows 11, pamoja na matoleo ya mwisho ya Windows 10, itakuandikia kama ni SSD au HDD (diski ngumu ya sahani zinazozunguka). Kwenye Linux andika `lsblk -d -o NAME,ROTA`. Diski yenye 1 ni ya kuzunguka, yenye 0 ni SSD.

Ukiwa bado uko kwenye ukurasa ule wa grafu, angalia na hili: kompyuta inapokwama, ni diski inayogonga asilimia 100 au ni RAM (kumbukumbu ya muda) iliyojaa? Kama RAM ni GB 4 na imejaa pomoni, SSD itapunguza maumivu, kwa sababu Windows hutumia diski kama RAM ya dharura, lakini ugonjwa wenyewe uko kwingine.

Sasa tafuta mwongozo wa mashine yako kwa kutumia namba ya modeli iliyo chini ya laptopu, au ile iliyochapwa kwenye mazabodi (bodi kuu) ya kompyuta ya mezani. Unatafuta sehemu inayoeleza diski. Utakutana na mojawapo ya haya.

Nafasi ya inchi 2.5 yenye SATA. Hii ndiyo ya laptopu nyingi za zamani na ndiyo rahisi kuliko zote: SSD za umbo hili zinaingia pale pale ilipokuwa diski ya zamani. Kitu cha kupima ni unene. SSD nyingi zina milimita 7, na nafasi nyingine zilitengenezwa kwa milimita 9.5. Nyembamba kwenye nafasi nene inaingia, ila inachezacheza, ndiyo maana baadhi ya SSD huja na kifremu cha plastiki cha kujazia.

Kompyuta ya mezani ina nafasi za inchi 3.5 na pengine za 2.5 pia. Hapo hesabu waya mbili: wa data, mwembamba, unaokwenda kwenye mazabodi, na wa umeme, mpana kidogo, unaotoka kwenye pawasapalai. Ule wa data mara nyingi hauji na diski. Ununue pamoja nayo, usije ukarudi dukani kwa ajili ya waya.

Sloti ya M.2 ndiyo inayokosesha watu pesa. M.2 ni jina la umbo tu, kile kibao chembamba chenye upana wa milimita 22. Ndani ya umbo hilo data inaweza kupita kwa njia ya SATA au ya NVMe, na sloti nyingine zinapokea zote mbili, nyingine moja tu. Ukikishika kibao mkononi utaona mapengo kwenye meno yake: cha NVMe kwa kawaida kina pengo moja, cha SATA kwa kawaida kina mawili. Nasema "kwa kawaida" kwa makusudi, kwa hiyo linaloamua ni neno la mwongozo wa mashine, si pengo. Halafu kuna urefu. 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80. 2242 ni urefu wa 42. 2230 ni wa 30. Laptopu ndogo nyingi zinakubali fupi tu. Kwenye kompyuta ya mezani soma na maandishi madogo ya mwongozo: mazabodi nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA pale sloti fulani ya M.2 inapotumika, na mtu asiyejua hudhani diski yake ya zamani imekufa siku ile ile alipofunga mpya.

Na mwisho, kuna laptopu ambazo hifadhi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, eMMC (chipu ya hifadhi kama ile ya simu) au chipu za SSD zilizochomelewa. Kama hakuna sloti ya ziada, ununuzi wa diski ya ndani unaishia hapo. Kinachobaki ni diski ya nje, ya kuchomeka kwa USB.

Hatua ya 2: Mfumo endeshi ukae kwenye SSD

Hapa sina maneno mengi ya kupima upande huu na ule. Windows, Linux au mfumo wowote ulionao unatakiwa kukaa kwenye SSD. Sababu yake inafaa kuieleza kwa namba, maana ndiyo itakayokuzuia kulipia kasi usiyoihitaji baadaye.

Diski ngumu, yaani HDD, ina sahani zinazozunguka na mkono wenye vichwa vya kusomea. Ya kasi ya 7200, yaani mizunguko kwa dakika, huzunguka mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3, na kwa wastani kichwa kinasubiri nusu ya mzunguko, milisekunde 4 na ushee, ili data inayotakiwa ipite chini yake. Kabla ya hapo mkono wenyewe umeshatumia milisekunde kadhaa kusogea. Jumlisha, unapata zaidi ya milisekunde 10 kwa kila safari. Diski za laptopu za 5400 huchelewa zaidi.

Milisekunde 10 si kitu, mpaka uzizidishe. Kompyuta ikiwaka inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande ni safari. Diski inayosoma filamu ndefu kwa MB 150 kwa sekunde, ukiipa vipande vya KB 4 huku na huku, inashuka chini ya MB 1 kwa sekunde. Ule mlio wa krr-krr-krr unaousikia baada ya kuwasha kompyuta ya zamani ndio huo, mkono unakimbizana na mafaili. SSD haina mkono wala sahani. Inasoma kwenye chipu, na safari moja ni kama sehemu ya kumi ya milisekunde au pungufu ya hapo.

Hii haina maana kwamba HDD ni takataka. Kampuni ya IBM ilipoleta diski ya kwanza mwaka 1956, mashine yenye sahani 50, ilibeba herufi kama milioni 5. Picha moja ya simu yako inaweza kuzidi hapo. Leo diski moja ya inchi 3.5 inabeba zaidi ya TB 20. Kwa filamu, picha za miaka yote na nakala za akiba, ambapo unahitaji nafasi kubwa kwa bei ya chini kwa kila gigabaiti, HDD bado ina kazi yake, na hakuna haja ya kulipia SSD ya TB 8 ili itunze video za harusi.

Hatua ya 3: SATA au NVMe? Hapa usikubali kubabaishwa

Kwenye maboksi utaona hivi: SSD ya SATA, kama MB 550 kwa sekunde. NVMe ya kizazi cha tatu cha PCIe (barabara ya data ambayo NVMe hupitia), kama MB 3500. Kizazi cha nne, kama 7000. Cha tano, hadi 14,000 na zaidi kidogo. Ukisoma harakaharaka unaona NVMe ya kizazi cha nne ni mara 12 ya SATA, na muuzaji atafurahi ukiamini kwamba kompyuta nayo itawaka mara 12 upesi.

Namba hizo ni za kusoma faili moja kubwa lililonyooka. Kwenye vipande vidogo vya KB 4, kimoja baada ya kingine, ambavyo ndivyo kazi nyingi za nyumbani zilivyo, SSD nzuri ya SATA hutoa kama MB 30 hadi 40 kwa sekunde na NVMe nzuri kama 50 hadi 90. Tofauti ipo, lakini si mara 12. Kutoka HDD kwenda SSD ya SATA ni kama kushuka kwenye mkokoteni na kupanda gari. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa mtu wa intaneti, nyaraka na muziki, mara nyingi itabidi ushike saa ya mkononi ndipo uuone utofauti.

Kwa hiyo: mashine ina nafasi ya inchi 2.5 tu? Nunua SSD ya SATA kwa roho safi. Ina sloti ya M.2 ya NVMe? Chukua NVMe ya kizazi cha tatu au cha nne, mradi bei zao ziko karibu. Ya kizazi cha nne ikiwekwa kwenye sloti ya kizazi cha tatu inafanya kazi, ila kwa kasi ya sloti. Kizazi cha tano waachie wanaohamisha mafaili makubwa ya video kutwa nzima. Kinatoa joto jingi, na SSD ikishapata joto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo bila kipoza joto cha kueleweka umelipia kasi ya dakika chache.

Hatua ya 4: Nafasi kiasi gani

Windows 11 yenyewe inadai angalau GB 64, na hicho ni kiwango cha kuingilia mlangoni, si cha kuishi. GB 128 itakubana ndani ya miezi. GB 256 inamtosha anayeandika nyaraka na kutazama video mtandaoni. Mimi humwambia mtu yeyote aliye katikati achukue 500, na mwenye michezo mikubwa au anayehariri video achukue TB 1 au 2.

Usikisie, pima. Bofya folda zako kubwa kwa kitufe cha kulia, soma ukubwa, jumlisha. Picha ya simu ya megapikseli 12 ni kama MB 3 hadi 5, kwa hiyo picha 10,000 hazizidi sana GB 50. Video ndiyo mlafi: dakika moja ya 4K hula kati ya MB 170 na 400 kutegemea simu inavyoibana, maana yake saa moja ni GB 10 hadi 24.

Ukishafunga diski ya TB 1 na Windows ikakuonyesha GB 931, usikimbilie kumgombeza muuzaji. Mtengenezaji anahesabu kwa kuzidisha 1000, Windows inahesabu kwa kuzidisha 1024 lakini inaandika jina lile lile la GB. GB 500 itaonekana 465, na 256 itaonekana 238. Hakuna aliyekuibia.

SSD pia haipendi kujaa. Acha asilimia 10 hadi 20 wazi, la sivyo uandishi unaanza kusuasua. Tena katika familia moja ya SSD, ile yenye nafasi kubwa mara nyingi huwa na kasi zaidi na maisha marefu, kwa kuwa ina chipu nyingi zinazogawana kazi. Ukiwa unasita kati ya nafasi kubwa kidogo na kizazi kipya kidogo, chukua nafasi.

Hatua ya 5: Soma lebo, ila usiiogope

Utaona TLC na QLC. TLC huweka biti 3 katika kila seli, QLC huweka 4. Biti 3 ni viwango 8 vya chaji vya kutofautisha, biti 4 ni viwango 16 ndani ya nafasi ile ile, kwa hiyo QLC ni rahisi kwa bei lakini inaandika polepole na inachakaa mapema. Kwa matumizi mepesi huioni shida, kwa sababu SSD ina sehemu ya kupokelea haraka mwanzoni. Nakili GB 200 kwa mkupuo ndipo utaiona: inaanza kwa mbwembwe, sehemu ile inajaa, kisha kasi inaporomoka, pengine chini ya HDD. Kwa diski ya mfumo mimi huchukua TLC.

Jambo la pili ni DRAM, kumbukumbu ndogo ambamo SSD huweka ramani ya data yake. NVMe isiyo nayo inaweza kuazima kipande cha RAM ya kompyuta, kwa hiyo haiumii sana. SSD ya SATA haina uwezo huo wa kuazima; ya SATA isiyo na DRAM ndiyo ya kuikwepa kama bei inaruhusu.

TBW ni jumla ya terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali uziandike ndani ya dhamana. Samsung 870 EVO ya TB 1, kwa mfano, imeandikiwa TBW 600. Ukiandika GB 30 kila siku, ambayo ni nyingi kwa nyumbani, utazimaliza baada ya siku 20,000, yaani zaidi ya miaka 50. Hofu ya kwamba "SSD inaisha" ilikuwa na uzito zaidi zamani. Angalia zaidi miaka ya dhamana: mitatu ni ya kawaida, mitano ni bora.

Kwa anayenunua HDD, tafuta neno CMR au SMR kwenye karatasi ya bidhaa. CMR hupanga njia za data kando kando bila kulaliana, SMR huzipanga zikilaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha kigae kimoja, vya jirani navyo lazima viguswe, ndiyo maana kuandika upya kunachukua muda. Kwa kuhifadhi filamu, sawa. Kwa diski kadhaa zilizofungwa pamoja kama RAID, hapana.

Hatua ya 6: Za bandia na zilizotumika

Niliwahi kuletewa "SSD ya nje ya TB 16" iliyokuwa inameza video bila kuzirudisha. Nikaifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha saketi cha USB, kadi mbili za kumbukumbu zile za simu, na matone ya gundi ya moto ya kuzishikilia zisicheze. Programu ya ndani ilifundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Data ikizidi uwezo halisi, inaandikwa juu ya ile ya mwanzo au inapotea kimya kimya. Majina ya mafaili unayaona, ndani hamna kitu.

Dawa yake ni kuijaza yote na kuisoma tena kabla hujaiamini. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux na macOS kuna F3, zote za bure. Inachukua saa nyingi. Iache usiku.

Kwa iliyotumika, muombe muuzaji aichomeke na ufungue CrystalDiskInfo, au smartctl kwenye Linux, programu za kusoma afya ya diski (S.M.A.R.T.). Tazama saa ilizofanya kazi. Mwaka mmoja mfululizo ni saa 8,760. Kwenye HDD tazama mstari wa 05, sekta zilizohamishwa, na C5, sekta zinazosubiri hukumu. C5 ikiwa juu ya sifuri, shukuru na uondoke. Mstari wa C7 ukipanda, mara nyingi kosa ni la waya, wala si la diski. SSD hukuonyesha asilimia ya uhai uliobaki.

Hatua ya 7: Kufunga na kuhamisha

Nakili kwanza mafaili yako mahali pengine. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker (kufuli lake la kuficha data), andika ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Watu wameomboleza kwa sababu ya tarakimu 48 za ufunguo huo.

Zima mashine kabisa, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili kutoa umeme tuli mwilini. Kibao cha M.2 kinaingia kwa kuinama kidogo, kama nyuzi 30, kisha unakilaza na kukifunga kwa skrubu moja. Skrubu hiyo ndogo kuliko punje ya mchele ndiyo inayochelewesha kazi: kwenye kompyuta ya mezani ilikuja kwenye boksi la mazabodi, na boksi lilishatupwa, kwenye laptopu yenye sloti tupu mara nyingi haipo kabisa. Itafute kabla, saizi ya M2. Usiweke gundi ya karatasi kwa muda, joto linailegeza.

Kuhamisha kuna njia mbili. Unaweza kukloni diski nzima, yaani kuinakili kama ilivyo, kwa programu kama Clonezilla, ambayo kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Au unasakinisha mfumo upya na kurudisha mafaili tu. Kama Windows yako imekaa miaka na imejaa mabaki ya programu usizozikumbuka, sakinisha upya.

Diski ya pili isipoonekana kwenye orodha ya mafaili, bado ni nzima, inasubiri kuandaliwa. Fungua usimamizi wa diski wa Windows, chagua GPT, mpango mpya wa kugawa diski (MBR, ule wa zamani, hauvuki TB 2), iumbize (fomati), uipe herufi. Usiipange SSD kwa programu za zamani za kukusanya vipande vya mafaili. Windows inajua kuihudumia yenyewe kwa TRIM, amri inayoiambia SSD data ipi imeshafutwa.

Ya zamani usiifute wiki hiyo. Ivalishe kasha la USB uifanye ya nakala za akiba, kama S.M.A.R.T. yake ni safi. SSD ina tabia ya kufa bila kukohoa, na ikishafuta faili kwa TRIM ni nadra fundi kulirudisha, kwa hiyo nakala hiyo si mapambo. Usifanye kinyume pia: SSD iliyokwisha kuchoka haifai kukaa droo miaka bila umeme, chaji ya kwenye seli huvuja polepole. Na kasha lenyewe liwe la USB 3, ulichomeke kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lenye plastiki ya bluu ndani. Kwenye USB 2 utapata kama MB 35 kwa sekunde, na nakala ya GB 500 itakula saa nne. Kama diski ni ya inchi 3.5, kasha lije na adapta yake ya umeme. USB pekee haiwezi kuizungusha.